Sura ya Tano: Bakteria wa Mizizini na Udongo Uliochoka

Panda soya kwenye shamba ambalo halijawahi kupandwa soya, na kando yake, kwenye udongo uleule, panda kunde. Wiki za kwanza huoni tofauti, kwa sababu mimea yote miwili bado inaishi kwa akiba iliyokuja nayo ndani ya mbegu. Ikifika wiki ya tano au ya sita mambo yanageuka. Kunde zimekoza kijani, zimetambaa na kufunika ardhi. Soya imedumaa na majani yake yamekuwa ya manjano, yakianza yale ya chini. Mvua ni ileile, palizi ni ileile. Mkulima akiona hivyo husema ameuziwa mbegu mbovu, na msimu unaofuata anarudi kwenye mahindi.

Mbegu haina kosa. Chimbua shina moja la kunde kwa jembe, usilivute, kisha suuza mizizi taratibu kwenye ndoo ya maji. Utakuta vinundu vimeng'ang'ania mizizi, vingine vidogo kama punje ya mtama, vingine vikubwa zaidi. Pasua kimoja kwa ukucha, ndani utakuta wekundu. Sasa chimbua soya. Mizizi yake ni mitupu.

Kunde ni zao la Afrika tangu enzi na enzi, na bakteria waliozoeana nalo wamejaa kwenye udongo wetu. Soya asili yake ni China. Kwa upande wa Tanzania ya leo, ilifika mwaka 1907 kwenye kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, enzi za Wajerumani. Mbegu zilisafiri, bakteria wake wakabaki kwao. Habari za bakteria hao, namna ya kuwaleta shambani na masharti wanayotaka, ndizo tunazozifuata katika sura hii. Ninaamini ni vigumu kupata teknolojia iliyo nyepesi zaidi kwa mkulima mdogo. Ninaamini pia kwamba imeharibiwa jina na wanaoiuza kana kwamba ni dawa ya kila udongo, wakati bakteria hawawezi kuuokoa peke yao udongo uliokwisha nguvu.

Tuanze na hesabu. Ili kuvuna tani moja ya soya, mmea unahitaji takriban kilo 80 za naitrojeni. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 tu za naitrojeni ndani yake. Kwa hiyo mkulima anayetaka tani mbili kwa hekta angehitaji karibu mifuko saba, na hapo hatujahesabu ile itakayosombwa na maji au kupotelea hewani. Nani anainunua? Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakakubaliana kuinua matumizi ya mbolea ya viwandani kutoka wastani wa kilo 8 kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Mwaka ule ukapita na lengo halikufikiwa. Mwaka 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 nchini Kenya ilivuka shilingi 6,000, hadi serikali ilipoishusha kwa ruzuku kuwa 3,500. Mwenye ekari mbili na watoto wa kusomesha hana mahali pa kuitoa fedha hiyo.

Na kumbe naitrojeni imemzunguka. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na juu ya kila hekta iliyo usawa wa bahari zimetanda takriban tani 78,000. Shida ni kwamba imefungwa. Atomu zake hutembea mbilimbili, zimeshikana kwa nguvu kiasi kwamba mmea hauwezi kuzitenganisha. Viwanda huzitenganisha kwa joto la zaidi ya nyuzi 400 na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida mara mia na zaidi, vikitumia gesi asilia nyingi. Bakteria wa kwenye vinundu hufanya kazi hiyohiyo ndani ya mzizi, kwa joto la kawaida la shamba.

Siri hiyo ilichukua muda kufichuka. Wakulima wa sehemu nyingi za dunia walijua tangu zamani kwamba nafaka hustawi zikipandwa mahali palipotoka mikunde, lakini sababu hawakuijua. Aliyeifichua ni Mjerumani Hermann Hellriegel, katika kituo cha utafiti cha Bernburg, akiwa na mwenzake Hermann Wilfarth. Walipanda nafaka na njegere kwenye vyungu vya mchanga usio na rutuba. Nafaka zilifuata kanuni: zikipewa naitrojeni nyingi zinakua sana, zikipewa kidogo zinakua kidogo, zikinyimwa zinadhoofika. Njegere hazikufuata kanuni yoyote. Chungu kimoja kilistawi bila kupewa naitrojeni, na cha jirani yake kikadumaa.

Mtu mwingine angesema kuna chungu kilichoharibika na kukitupa. Wao waliuchoma mchanga ili kuua kila kilicho hai ndani yake, na njegere zote zikadumaa. Kisha wakachukua udongo wa shamba, wakaukoroga kwenye maji, wakayamwaga maji hayo vyunguni. Njegere zikastawi. Walipoyachemsha kwanza maji yaleyale kabla ya kuyamwaga, hazikustawi. Basi kilichofanya kazi kilikuwa kiumbe hai. Walitangaza matokeo yao Berlin mwaka 1886. Miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wenyewe kutoka kwenye vinundu, na mwaka 1896 Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner walikuwa wameshapata hataza ya kuwauzia wakulima bakteria hao kwa jina la Nitragin. Jaribio la Bernburg halihitaji maabara ya gharama. Shule yoyote ya sekondari yenye jiko, mchanga na makopo inaweza kulirudia, na ningefurahi sana kila shule ya kijijini ikilirudia.

Kinachotokea kwenye mzizi ni cha ajabu. Mzizi wa mkunde wenye upungufu wa naitrojeni hutoa kemikali kwenye udongo, na kila aina ya mkunde ina mchanganyiko wake. Bakteria wanaohusika wakizipata, nao hutoa kemikali ya kujibu. Hapo unywele wa mzizi hujikunja na kuwafumbata, njia nyembamba hufunguka, nao hupita hadi ndani, ambako seli za mzizi huanza kugawanyika na kujenga kinundu. Humo huongezeka hadi kuwa mamilioni. Mmea huwapa sukari iliyotengenezwa na majani, nao huurudishia naitrojeni inayolika. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibiwa na oksijeni, ilhali bakteria wenyewe wanaihitaji oksijeni ili waishi. Mmea umelimaliza tatizo hilo kwa protini nyekundu inayoigawa oksijeni kwa kipimo, ndugu wa himoglobini ya damu yetu. Ndiyo maana kinundu chenye wekundu ndani kiko kazini. Kilicho cheupe ama bado ni kichanga, ama kimekaliwa na bakteria wanaokula bila kurudisha kitu. Cha kijani kimezeeka.

Kwa kuwa kila mkunde una bakteria unaopatana nao, pakiti ya bakteria wa soya si ya karanga wala si ya maharage. Neno hili lirudiwe kila duka la pembejeo linapofunguliwa, kwa maana hasara nyingi zinaanzia hapo.

Ndani ya pakiti mna unga mweusi wenye unyevunyevu. Kwingi duniani unga huo ni mboji ya majani yaliyooza kwenye vinamasi. Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipata njia ya kutumia tope linalobaki baada ya kuchuja maji ya miwa viwandani, na kutokana na kazi yao kampuni ya MEA ikaanza kutengeneza BIOFIX, ambayo wakulima wengi huijua kwa jina hilo tu. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kiliwahi kutengeneza ya kwake iliyoitwa Nitrosua. Zimbabwe wana maabara yao Marondera, iliyowahudumia wakulima wa soya kwa miongo mingi. Pakiti nzuri ina bakteria hai wapatao bilioni moja katika kila gramu, na lengo ni kila punje ya soya iingie ardhini ikiwa imebeba laki moja au zaidi.

Naomba msomaji aiwazie pakiti hiyo kama zizi dogo la mifugo. Waliomo wanakula, wanapumua na wanakufa. Ukiiacha kwenye kiti cha gari juani, au rafuni chini ya bati la duka lisilo na dari, ukifika msimu utakuwa unauza mizoga. Mfuko wa yurea unaweza kukaa stoo mwaka mzima na ukabaki yurea. Unga huu una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo si ya mapambo.

Kuutumia kunahitaji dakika chache na uangalifu. Tafuta kivuli. Weka mbegu kwenye beseni au karai safi lisilo na mabaki ya dawa. Yeyusha sukari kidogo au gundi ya mgunga kwenye maji ya uvuguvugu, yakishapoa nyunyizia mbegu na uzigeuze hadi zote zing'ae. Usizilowanishe kupita kiasi, ganda la soya ni laini na huchubuka. Kisha mimina unga kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, geuza tena kwa mkono, taratibu, mpaka kila punje iwe nyeusi. Ziache kivulini dakika chache zikauke juu, uzipeleke shambani zikiwa zimefunikwa kwa gunia lenye unyevu, uzipande siku hiyohiyo kwenye udongo wenye maji, na ufukie mara moja. Usichanganye na mbolea ya chumvichumvi kwenye chombo kimoja wala kwenye shimo moja bila kuweka udongo katikati. Jua, chumvi na dawa ya ukungu ndivyo vinavyowaua kwa wingi kabla hawajafika kwenye mzizi.

Kazi hii ikifanywa vizuri inaweza kufika wapi? Brazil ndiyo shahidi wangu mkuu, na ninaichagua kwa sababu udongo wa nyanda zake za Cerrado ni ndugu wa udongo wetu mwekundu: mkongwe, wenye tindikali, wenye alumini inayochoma mizizi na fosforasi kiduchu. Johanna Döbereiner, aliyezaliwa Czechoslovakia mwaka 1924 na kuhamia Brazil baada ya vita, alianza kazi ya udongo Seropédica, jimbo la Rio de Janeiro, mwaka 1951. Miaka ya 1960 nchi ilipoamua kuendeleza soya, yeye alisimamia hoja kwamba aina za mbegu zichaguliwe zikiwa na bakteria, bila kulishwa naitrojeni ya kiwandani. Wakati ule Marekani ilikuwa ikielekea kwenye mbolea, na si wote waliomuunga mkono. Leo Brazil inavuna zaidi ya tani milioni 150 za soya kwa mwaka, na sehemu kubwa kabisa ya naitrojeni ya zao hilo inatoka kwenye vinundu. Mwanafunzi wake wa kisayansi, Mariangela Hungria wa shirika la utafiti la Embrapa, alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2025 kwa kuiendeleza kazi hiyo.

Wauzaji wa unga huipenda sana hadithi ya Brazil, lakini huwa wanairuka nusu yake. Cerrado ilimwagiwa chokaa kwanza, tani kwa tani, kupunguza tindikali. Ikapewa fosforasi. Ikapewa molibdenamu kidogo, madini ambayo kile kimeng'enya hakiwezi kuundwa bila nayo. Bakteria walikuta meza imeandaliwa.

Fosforasi ndiyo inayotukwamisha sisi. Kuivunja molekuli moja ya naitrojeni kunamgharimu bakteria angalau vipande 16 vya nishati ya seli, na kila kipande kinabeba fosforasi. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya na wa sehemu nyingi za nyanda za juu una chuma na alumini zinazoishika fosforasi isitoke. Mmea wenye njaa ya fosforasi hauna sukari ya kugawa, na bakteria wasiolishwa hawana cha kurudisha. Mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen kuanzia mwaka 2009 ukafika nchi 11 za Afrika, zikiwemo Kenya, Rwanda, Uganda, Tanzania na Kongo, ulikuta hali hii mara kwa mara: unga wa bakteria pamoja na fosforasi huleta mavuno bora kuliko kimoja peke yake. Mradi ulikuta pia kwamba matokeo hutofautiana mno, hata kwa majirani wanaotenganishwa na mpaka wa mkonge tu. Mmoja anapata ongezeko linaloonekana kwa macho, mwenzake hapati chochote.

Huyo wa pili ndiye anayenisumbua moyo, kwa kuwa mara nyingi ndiye maskini zaidi. Shamba lake limelimwa mahindi juu ya mahindi miaka nenda miaka rudi, mabua yanalishwa ng'ombe wa mtu mwingine, samadi hakuna. Watafiti wamekutana na mashamba ya namna hiyo magharibi mwa Kenya na kwingineko: hata mbolea ukiiweka, mavuno hayapandi. Kumuuzia mtu wa shamba hilo pakiti ya bakteria na kumwahidi muujiza ni kumdhulumu. Anachohitaji kwanza ni samadi, mboji, chokaa pale udongo unapokuwa mchachu sana, na chanzo cha fosforasi. Tanzania inayo mawe ya fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, na sifa yake ni kwamba huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, yaani palepale panapohitajika. Akishauinua udongo wake kwa misimu michache, pakiti itamfaa.

Maharage nayo yanahitaji ukweli. Yalitoka Amerika, lakini hayachagui sana bakteria, na udongo wetu tayari umejaa wanaoweza kuingia kwenye mizizi yake. Wengi wao ni wavivu. Wageni hodari unaowaleta kwa pakiti huingia kwenye ushindani na wenyeji walio wengi kuliko wao, na mara nyingi hushindwa. Kwa hiyo soya kwenye shamba jipya huitikia waziwazi, maharage huitikia kwa kubahatisha. Kwa kunde na karanga, nisingemshauri mtu mwenye fedha kidogo aanzie huko. Kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA, Nigeria, kilipita njia nyingine kuanzia miaka ya 1970: kilizalisha aina za soya zinazojulikana kwa alama ya TGx, zinazokubali bakteria wa Kiafrika. Zimesaidia sana pasipo na unga, ingawa hata hizo mara nyingi huongeza mavuno zikipewa bakteria waliochaguliwa.

Asiyeamini neno la mtu yeyote, langu likiwemo, na ajaribu mwenyewe. Tenga vipande viwili vya soya kwenye udongo unaofanana, kimoja chenye unga na kingine bila. Panda kile kisicho na unga kwanza, kwa sababu ukishashika unga mikono yako na jembe lako vinawabeba bakteria. Kisicho na unga kiwe upande wa juu wa mteremko, ili maji ya mvua yasiwashushe huko. Soya ikichanua, chimbua mashina kadhaa kila upande na upasue vinundu. Vikubwa vilivyokusanyika karibu na mzizi mkuu, vyenye wekundu, ndivyo ulivyovilipia.

Kuhusu bakteria wa mahindi na ngano nitasema machache. Azospirillum, ambao Döbereiner aliwatangaza duniani, huishi kwenye mizizi ya nafaka bila kujenga kinundu. Faida yao kubwa inatokana na homoni zinazochochea mizizi kutanda, na naitrojeni wanayoitoa ni ndogo. Wapo pia bakteria wanaoyeyusha fosforasi iliyoshikwa na udongo. Brazil wanauza wa aina zote mbili. Atakayekuambia kwamba wataondoa kabisa haja ya mbolea kwenye mahindi yako, mwombe akuonyeshe shamba.

Na usidhani kwamba soya yenye vinundu inaacha utajiri ardhini hata iweje. Naitrojeni nyingi huishia kwenye punje, na punje inakwenda sokoni. Ukiing'oa mimea mizima, ukaipeleka nyumbani kupura na kuyachoma maganda, udongo unaweza kubaki na kidogo kuliko ulivyokuwa. Kata shina usawa wa ardhi ili mizizi ibaki, pura shambani ikiwezekana, na urudishe mabaki. Mbaazi ni karimu zaidi katika jambo hili, kwa kuwa hudondosha majani yake shambani msimu wote.

Liko suala la biashara, nalo ni zito kama la udongo. Bidhaa za bakteria zilizokuwa madukani katika nchi kadhaa za Afrika zilipopimwa maabara miaka ya karibuni, nyingi zilikutwa na vijidudu visivyohusika, na baadhi hazikuwa kabisa na bakteria waliotajwa kwenye lebo. Mkulima hawezi kuwaona kwa macho. Anatoa fedha yake kwa imani, na akipata hasara anailaumu sayansi yote. Mamlaka za udhibiti zinapaswa kuchukua sampuli madukani kila msimu, kwenye rafu yenyewe chini ya bati, na kutangaza matokeo kabla ya mvua, kwa majina ya bidhaa. Vyama vya ushirika navyo vina nafasi. Chama kikikusanya oda za wanachama mapema, kikaagiza unga mara moja, moja kwa moja kutoka kiwandani, ukaja kwenye kasha la baridi juma moja kabla ya kupanda na kugawanywa asubuhi ile ile, hakuna pakiti itakayolala dukani hata siku moja. Maziwa na chanjo za kuku huwafikia watu wa vijijini kwa mpango wa aina hiyo kila wiki, na magari yanayozibeba yanapita kwenye barabara hizohizo.